Milimita Sita

Machi 2

Nchi hii haiwezi kujua kama mvua imenyesha mpaka niandike mimi. Watu wanadhani mvua inatoka mawinguni. Mawinguni yanatoka maji tu. Mvua inatoka kwenye kitabu changu. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, nakwenda nyuma ya shule, nafungua kipimo, namimina maji kwenye bilauri yenye mistari, nasoma, naandika, kisha napiga simu makao makuu na kutamka namba. Kule wanainakili bila kuuliza. Waziri akisimama kusema msimu huu ni mzuri, mdomo ni wake lakini macho ni yangu. Niliishia darasa la sita, si kwa ujinga. Ni walimu walioishiwa.

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesomea sheria. Chuo kimefungwa, amekuja kukaa nasi msimu huu wa mvua. Anasema watu wakubwa wote huandika shajara. Nimemwambia angeniambia mapema, maana mengi yamepotea bure, pamoja na siku ile nilipompiga chui kofi.

Machi 3

Kavu. 0.

Machi 4

Kavu. 0. Sifuri nayo ni kazi. Wengi hawajui kuiandika ikakaa vizuri.

Machi 9

Milimita 4. Mvua ya kwanza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipita kunionyesha ukuta aliomaliza kuujenga nyuma ya zahanati, ule unaozuia kilima kisiteremke. Ni mwashi. Mtu huyu kwa siku husema maneno matatu, na mawili ni salamu. Nikauzunguka ukuta, nikaupiga teke la kitaalamu, nikamshauri mambo kadhaa. Akasema, "Sawa, shem." Hiyo ndiyo shida ya mtu asiyesema, huwezi kujua kama amekubali au anakudharau. Mimi nadhani ni mtu mdogo tu.

Machi 17

Milimita 13. Hapa niandike siri ya kazi, vizazi vijavyo vifaidike. Mtu mwenye uzoefu wangu hahitaji bilauri. Nalala kitandani, nasikiliza mabati. Yakinong'ona, ni mbili tatu. Yakikaanga, ni nane mpaka kumi. Yakiguruma mpaka mke wangu ananiambia "Unasemaje?" nami sijasema kitu, hiyo ni ishirini na kwenda juu. Leo nilijijaribu: sikio lilisema 14, bilauri ikasema 13. Nadhani bilauri ilikosea kidogo.

Machi 26

Milimita 2. Mlinzi wa shule ameleta bata mzinga dume, anamlisha ndani ya uzio wa kipimo changu bila kuniomba ruhusa. Ndege wa ovyo, kichwa kama kidonda. Sina neno naye.

Nimerudi nyumbani nimechelewa. Suruali imechanika kwa nyuma, kwenye waya.

Machi 27

Kavu. 0. Mgongo unauma. Kwa sifuri mtu hahitaji kutembea.

Machi 29

Kavu. 0. Mgongo. Shemeji amekuja kumwekea dada yake dari sebuleni na chumbani, mbao laini zilizobaki kwenye kazi yake nyingine. Siku nzima nyundo tu. Jioni mke wangu alikaa chini ya dari akatabasamu kama bibi harusi. "Sasa tutasikilizana humu ndani," akasema. Nimegundua kwamba hiyo si faida kwa kila mtu.

Machi 31

0. Mgongo.

Aprili 1

0. Mgongo. Mpwa wangu anauliza mbona nimebeba pipa la maji peke yangu. Nimemwambia mgongo ni kama mahakama, una vikao vyake.

Aprili 3

Leo naandika kwa urefu.

Usiku nililala kama gogo. Nilisikia mvua kidogo, kwa mbali, kama mtu anayepepeta nafaka nyumba ya pili. Nikahesabu kwa sikio: tano, labda sita. Asubuhi nikachungulia uani, maji yamejaa. Lakini uani kwetu hujaa maji hata mtu akipiga mswaki. Saa tatu nikaandika 6, nikapiga simu, nikatamka "sita." Yule binti wa makao makuu akasema, "Asante, mzee wetu." Nikaketi kunywa chai.

Saa tatu na nusu mke wangu akaingia mbio, khanga imejaa tope mpaka magotini. "Ukuta wa kaka umeanguka!"

Tulikwenda wote. Kilima kilikuwa kimeingia zahanati bila kubisha hodi. Ukuta umelala chali, na tope limepita juu yake mpaka kwenye chumba cha dawa. Muuguzi wa zamu ya alfajiri alikuwa akifungua mlango wa nyuma. Mguu wake umevunjika mahali pawili. Wamempeleka hospitali kubwa. Ni yule aliyenishona kidole mwaka juzi na kunisifu kwamba sikulia.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye tope na mwiko mkononi, kama mtu aliyekuja kazini akakuta kazi imekufa. Watu walikuwa wanasema, "Mvua ya jana haijawahi kuonekana." Bibi muuza mkaa alisema mabati yake yalipiga kelele mpaka akaanza kutubu. Nilisimama pale na ile sita yangu mfukoni. Ningeweza kupiga simu tena. Lakini namba iliyokwisha kutamkwa ni mate yaliyokwisha temwa. Na ningewaambia nini?

Dari. Sikufikiria dari.

Aprili 4

Kavu. 0. Mhandisi wa mji amekuja kuona kitabu. Kijana wa miwani, viatu safi hata kwenye tope; sijui anatembeaje. Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Tarehe tatu, sita. Ukuta ule ulipimwa kuhimili mvua ya milimita hamsini kwa siku, mzee. Ukuta unaoangushwa na sita ni ukuta wa biskuti."

Nikamwambia watu wanasema mvua ilikuwa kubwa.

"Kelele za mabati si kipimo," akasema.

Nikamjibu, "Kweli kabisa. Kitabu hakidanganyi." Nilisema kwa mdomo huu huu ninaolia chakula.

Aprili 5

Kavu. Polisi wamemchukua shemeji. Uzembe uliosababisha madhara. Mke wangu hajapika, nami sikuthubutu kuuliza.

Aprili 7

Kavu. Ametoka kwa dhamana. Haruhusiwi kushika kazi yoyote ya ujenzi mpaka kesi iishe. Nilimpokea kwa hotuba ndefu. Akasema, "Asante, shem." Akanawa mikono kwa muda mrefu ingawa ilikuwa safi.

Aprili 8

Kavu. Mpwa wangu alikuwa anapiga pasi. Nikavuta kiti.

"Mama, nina swali. Si langu, ni la rafiki yangu."

"Rafiki gani, mjomba?"

"Humjui. Mtu mkubwa. Zamani aliua simba wa hifadhi kwa mikono, alikuwa amebanwa. Hakuna aliyeona. Simba hakuwa na ndugu wa kwenda kulalamika. Je, kisheria, hapo pana kosa?"

"Aliua bila kibali?"

"Kibali angemwomba nani, simba?"

Akacheka, akageuza shati. "Mjomba, kosa linazaliwa siku linapotendwa. Tendo lipo, nia ipo, sheria inakataza, basi limezaliwa. Kugunduliwa ni cheti cha kuzaliwa tu."

"Asiye na cheti hajulikani."

"Lakini anakula, analia, anakua."

Nikaona ananizidi, nikatoa silaha kubwa. "Ninyi wenyewe mnasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Nilisikia redioni."

"Ndiyo. Mahakama inamhesabu hivyo kwa sababu mahakama haikuwepo. Yeye alikuwepo."

Nikajaribu tena. "Tuseme mvua imenyesha porini, hakuna kipimo. Kitabuni ni sifuri. Imenyesha au haikunyesha?"

"Nenda ukaulize nyasi," akasema. Kisha akaiweka pasi kando. "Mjomba, huyo simba... kuna mtu mwingine amekamatwa kwa ajili yake?"

Nikasema simba ni simba. Nikaenda kuangalia mbuzi.

Hatuna mbuzi.

Aprili 10

Kavu. Tangu tarehe tatu halijadondoka hata tone, kama mbingu imekaa kusikiliza kesi.

Leo nimemfuata shemeji kwa mbali. Anazunguka mji. Akifika kwenye ukuta aliojenga yeye, iwe duka, iwe choo cha soko, iwe nyumba ya mtu, anasimama, anagonga kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio. Gong, gong. Anasogea hatua mbili, anagonga tena. Miaka ishirini amejenga mji huu nusu nzima, nami leo ndiyo nimeona. Mwenye duka la vitambaa akamwambia, "Vipi fundi, unamtafuta panya?" Watu wakacheka. Yeye akasema, "Samahani," akaenda ukuta mwingine.

Nilimkuta kwenye kona. Akaniambia maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. "Shem, milimita sita. Nimefikiri sana. Kama ni sita, basi ni mimi. Labda mchanga ulikuwa na chumvi. Labda siku ile ya msingi nilikuwa na homa, nikachanganya vibaya. Kama ule ni mbovu, hizi nyingine je? Watu wanalala ndani."

Nilitaka kumwambia hadithi ya chui. Haikutoka.

Aprili 11

Kavu. Nimeletewa hati ya kuitwa mahakamani. Mimi ni shahidi wa serikali! Nimeisoma kwa sauti mara mbili. Mke wangu aliondoka chumbani katikati ya mara ya pili.

Aprili 12

Kavu. Mke wangu hasemi na mimi, na kwa ajili ya ile dari namsikia vizuri sana asivyosema. Jioni akauliza kitu kimoja tu: "Baba, ile asubuhi ulitoka lini kwenda kipimoni? Mimi nilikuwa jikoni. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, vikavu."

Nikamwambia nilikwenda pekupeku.

Akaitazama dari, akanitazama mimi. Hakuuliza tena. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Aprili 13

Kavu.

Nilisikia kwamba bata wa mlinzi amefungwa kamba mguuni kwa kumdonoa mkaguzi wa elimu. Hiyo si sababu ya mimi kwenda leo. Nimeamua tu mgongo umepona.

Nilikwenda na nia mbaya, naiandika kama ilivyo. Kipimo sikukifungua tangu Machi 26. Kila kilichonyesha tangu siku hiyo kimo mle, kwa sababu mdomo wake ni wa faneli na chupa iko ndani, maji hayapati njia ya kukauka upesi. Na kimenyesha mara moja tu. Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na usiku wa tarehe tatu, mzima, umekaa unanisubiri. Nikiumwaga kwenye nyasi, kwisha. Hakuna polisi duniani awezaye kupima maji yaliyokwisha nyweka na ardhi. Kosa langu lingekuwa bila cheti mpaka kiama.

Nikatoa chupa. Ilikuwa nzito, tena imefurika mpaka kwenye mkebe wa nje. Nikaiinamisha.

Ndipo nikasikia gong, gong. Ng'ambo ya uzio, kwenye ukuta wa madarasa, shemeji amebandika sikio kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Ndani watoto wanaimba hesabu. Anagonga, anasikiliza, uso umekunjamana. Hakuniona. Ukuta ule ni mzima, hata mimi najua ni mzima, lakini yeye hajui tena. Mtu huyu nilikuwa namwita mdogo.

Nikainua chupa ikasimama wima. Nikapiga kelele kumwita mwalimu mkuu. Alikuja na chaki mkononi. "Kuna nini, Bwana Mvua?"

"Mwalimu, simama hapo. Angalia, na uhesabu na mimi."

Nikaleta ndoo safi. Bilauri yangu inachukua milimita kumi. Nikamimina ya kwanza, nikaimwaga ndooni. Kumi. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya tano mwalimu akaacha kutabasamu. Ya saba akanishikia ndoo. Ya nane. Kisha zikabaki tatu.

"Themanini na tatu," mwalimu akasema. "Ni ya wiki hii?"

"Ni ya usiku mmoja," nikasema. "Andika, mwalimu. Mwandiko wangu leo hauaminiki."

Aprili 14

Nimemwambia mpwa wangu. Sikutumia simba.

Akasema, "Mjomba, nilijua tangu siku ya pasi. Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe."

"Ungenisema?"

"Sijui. Nilikuwa naomba usinifikishe huko."

Akanieleza bila kunipaka mafuta: kutia namba ya uongo kwenye kitabu cha serikali ni kosa, na mimi nilitenda kosa jipya kila asubuhi niliyoandika bila kwenda, hata zile sifuri zilizokuwa za kweli. Nikashtuka. "Hata sifuri za kweli?"

"Ulijua kwamba ni za kweli?"

Sikujua. Nilibahatisha tu, zikatokea kweli.

Aprili 21

Mahakamani. Nilivaa koti la harusi. Hakimu ni mama mmoja wa sauti ya chini, anayemfanya mtu ainame ili asikie.

Mwendesha mashtaka akaniuliza kwa furaha, "Shahidi, asubuhi ya tarehe tatu ulisoma kipimo, ukapata milimita sita. Sivyo?"

"Sivyo."

Akageuza karatasi zake kama zimemuuma. Hakimu akainua kichwa. "Ulipata wapi sita?"

"Masikioni, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe. Nikaeleza yote: mabati, dari, kitanda, chupa, ndoo. Mwalimu mkuu akasimama na karatasi yake. Mhandisi wa miwani akapiga hesabu kwenye kiganja, akaketi polepole.

"Kwa siku ngapi hukwenda?" hakimu akauliza.

"Kumi na saba, mheshimiwa."

"Kwa sababu gani?"

Mkono wangu ulikuwa umeapa nusu saa tu iliyopita. "Mgongo," nikasema.

Mpwa wangu, kwenye benchi la nyuma, alinitazama.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mzee, unafahamu kwamba kama usingesema, pengine asingejua mtu?"

"Nafahamu, mheshimiwa. Ila shemeji yangu alikuwa anagonga kuta."

Sidhani kama alinielewa. Lakini aliandika.

Nje, shemeji alinifuata. Nilijiandaa kwa ngumi. Nilishasimama vizuri ili nianguke kwa heshima. Akanishika bega kwa ule mkono wake mgumu kama tofali. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Kwa hiyo saruji ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri, shem."

"Ilikuwa nzuri," akarudia. Akaenda zake. Alipita kwenye ukuta wa posta, aliojenga yeye, na hakuugusa.

Aprili 29

Kesi ya shemeji imefutwa. Mvua ilizidi ukuta. Muuguzi ametuma salamu kutoka hospitali: anasema wakimjengea tena, ajenge yule yule, ila ukuta uwe mrefu zaidi. (Nilimshauri hivyo tangu Machi.)

Faili langu limefunguliwa. Nitaitwa. Mpwa wangu anasema kwa kuwa nilijitokeza mwenyewe huenda ikawa faini au onyo. Ufunguo wa kipimo wameuchukua, wakampa mlinzi wa shule, kwa kuwa anaishi hapo hapo.

Leo mabati yananguruma juu ya dari. Sijui ni ngapi. Ni ajabu kulala bila kujua.

Mei 3

Mvua. Mlinzi anasema 22.

Nimemsindikiza mpwa wangu kituoni. Tulipofika akanitazama kwa lile jicho lake la mahakamani. "Mjomba, umebeba sanduku langu kichwani kutoka nyumbani mpaka hapa, na vitabu vyote vimo ndani."

"Mimi ni mtu wa nguvu."

"Mgongo je?"

"Umepona."

"Uongo baada ya kiapo nao ni kosa, mjomba. Hata kama hakuna aliyegundua." Akanikumbatia, akapanda. Kupitia dirishani akasema, "Si lazima uniambie mimi."

Basi naandika hapa. Mgongo wangu haujawahi kuuma. Machi 26, nilipomaliza kusoma kipimo, yule bata mzinga wa mlinzi alinijia kwa nyuma akanidonoa makalioni mara mbili. Nikapanda juu ya uzio nikakaa huko, suruali imenasa kwenye waya, kitabu cha serikali kifuani, mpaka mke wa mlinzi alipokuja na ufagio. Akamfukuza, akasema, "Shuka, baba, ameshakwenda."

Sikushuka. Nikamwuliza kama ana hakika.